Kulala kambini Ziwa Michigan: hofu tulizotoka nazo nyumbani na hatari zilizopo kweli

Kila ikifika Mei, jamaa zangu wa hapa Grand Rapids, jimboni Michigan, huanza kunipigia simu. Wanataka kupeleka familia kwenye hifadhi ya jimbo kando ya Ziwa Michigan, walale kwenye hema, na wenye uwezo wakodi gari la kulala, lile Wamarekani wanaloliita RV. Wengi wetu tumekulia ziwani: Kigoma, Uvira, Kalemie, Mwanza. Maji si mageni kwetu, na ndiyo maana nawaonea wasiwasi. Hofu tulizotoka nazo nyumbani hazina kazi hapa, na zinazostahili kutushika hatuzijui.

"Humu hamna mamba wala kiboko, waache watoto waoge."

Mamba hamna, kweli. Kuna baridi. Maji ya juu ya Tanganyika hukaa kwenye nyuzi 24 na zaidi karibu mwaka mzima, kwa hiyo mtu wa Kigoma hajawahi kujiuliza kama maji yana joto. Ziwa Michigan linaweza kubadilika kati ya jana na leo, hata katikati ya Julai. Upepo ukisukuma maji ya juu mbali na ufuko, yale ya chini, baridi kabisa, hupanda kushika nafasi yake. Jana mlioga maji ya nyuzi 21, leo yamefika 10, na jua ni lile lile. Mwili ukitumbukia humo ghafla, kifua huvuta pumzi chenyewe bila kukuuliza. Kichwa kikiwa chini, unavuta maji.

Mwanangu alifanya hivyo akiwa na miaka tisa. Alikimbia kutoka mchangani, akajitosa, akaibuka mdomo wazi bila sauti. Hakulia, hakuita. Macho tu yalikuwa yamenitolea. Maji yalikuwa ya kiunoni nami nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, nikamdaka mkono. Tangu siku hiyo kwetu hakuna kujitosa: unaingia kwa miguu, unajimwagia kifuani, unangoja pumzi itulie.

Hatari ya pili ni mikondo. Ziwa hili lina mawimbi ya kumwangusha mtu mzima, na yanafuatana kwa haraka kuliko ya baharini, hupati nafasi ya kupumua. Gati la zege linaloingia ziwani ndilo linalowavuta vijana kuruka, na ubavuni mwake ndimo mkondo unamopita kwa nguvu. Fukwe nyingi za hifadhi za jimbo hazina waokoaji. Kuna bendera: kijani, njano, nyekundu, na zikipandishwa nyekundu mbili, kuingia majini ni marufuku. Ukivutwa, usipigane na mkondo. Geuka chali, uelee, ukipata nguvu uogelee kuufuata ufuko mpaka utoke ndani yake.

"Mtoto ametoka vipele baada ya kuoga, ni kichocho."

Swali hili nalipenda, kwa sababu anayeliuliza hajakosea sana. Wadudu wanaoleta vipele hivyo ni wa ukoo wa kichocho kweli: wanaishi kwenye konokono, kisha wanatafuta bata. Wakikosa bata wanatoboa ngozi ya mtu, lakini kwetu hawawezi kukua, wanafia humo humo kwenye ngozi. Ndiyo sababu ya muwasho, na kwa kawaida unaisha ndani ya wiki moja hivi. Mfute mtoto kwa taulo mara tu anapotoka majini. Kichocho chenyewe hakiambukizwi Michigan. Ila kama uliogelea miaka mingi Ziwa Victoria na hujawahi kupimwa, mwambie daktari wako. Ugonjwa ule huweza kukaa mwilini miaka mingi.

"Mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, unaweza kuuingiza ndani."

Hapa naomba unisikilize vizuri. Nyumbani wote tumesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Usiku wa Juni kando ya ziwa hili unaweza kuwa wa baridi, watoto wanatetemeka, na pale nje jiko la nyama choma bado lina makaa, yamefunikwa majivu meupe, hayatoi hata uzi wa moshi. Yanaonekana mema. Lakini mkaa huo unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, mpaka uzime kabisa. Hema ni dogo kuliko chumba, na kufungua zipu kidogo hakutoshi. Kichwa kinaanza kuuma, unahisi kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na huo usingizi ndio wenyewe. Jiko la gesi na jenereta ni vivyo hivyo. Kwenye RV, bonyeza kitufe cha kujaribu king'ora cha gesi hiyo kabla ya kulala usiku wa kwanza.

Tiba ya baridi ni kutandika zaidi. Watu hurundika mablanketi juu na kulala kwenye godoro la upepo tupu, wakati ardhi inawanyonya joto kwa chini. Weka godoro la sponji au mablanketi mawili chini yako uone tofauti.

"Kupe ni wa ng'ombe."

Wa hapa wanapanda watu, na kupe mwenye miguu myeusi anaeneza ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme. Mkague mtoto kila jioni: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani. Kwa kawaida kupe huhitaji kung'ang'ania zaidi ya saa 24 kabla ya kukuambukiza, kwa hiyo ukaguzi wa jioni unaokoa kweli.

"Kuni ni kuni, nitabeba za nyumbani."

Mwaka 2002, karibu na Detroit, aligunduliwa mdudu wa kijani king'avu kutoka Asia, ambaye mabuu yake hula chini ya ganda la miti iitwayo ash. Ameshaua mamilioni kwa mamilioni ya miti hiyo, na gari lililobeba kuni humpeleka mbali kuliko mabawa yake. Gogo linaloonekana kavu bado linaweza kuwa naye. Nunua kuni huko huko kambini.

Kwa wenye RV, mawili. Umeme wa amp 30 kwa volti 120 ni wati 3,600 tu: kiyoyozi, birika na maikrowevu kwa pamoja, swichi inakatika. Na valvu ya tangi la choo isiachwe wazi kwa kudhani uchafu utajiendea. Maji yataondoka, kinyesi kitabaki na kukauka kama udongo. Ifunge, tangi likaribie kujaa, ndipo ulimwage kwenye kituo chake. Maji ya kuoshea vyombo nayo hayamwagwi nyasini.

Tena, kibandiko cha Recreation Passport kwenye namba ya gari hulipia kiingilio tu. Nafasi ya kambi ni malipo mengine. Nafasi hiyo ina kikomo cha watu, basi usialike ukoo mzima, na kuanzia saa nne usiku muziki unazimwa. Usije bila kuweka nafasi ukitegemea kubembeleza mlangoni. Nafasi hufunguliwa miezi sita kabla ya siku ya kufika, na wikendi za kiangazi huisha mapema mno. Anayetaka kulala Julai 4 awe amekaa na simu mkononi Januari 4, saa mbili asubuhi, theluji ikiwa bado nje.