Stesheni ya Mada'in Salih: yanayosemwa na yaliyokuwa

Masimulizi ya mitaani kuhusu Reli ya Hijazi, iliyoanzia Damascus, Syria, ni mafupi: Mjerumani aliijenga, ikawapeleka mahujaji mpaka Makka, kisha ofisa Mwingereza, Lawrence, akaja na baruti akaimaliza. Anayefika Mada'in Salih, jangwani kaskazini ya Al-Ula huko Saudia, anakuta stesheni nzima ya mawe inayoyakanusha karibu yote hayo.

Mjerumani alikuwepo kweli, mhandisi mkuu Heinrich August Meissner. Lakini reli ilikuwa ya Sultani Abdulhamid II wa dola ya Waturuki wa Uthmani, aliyeitangaza mwaka 1900 na kuijenga bila mkopo wa Ulaya. Watumishi wa serikali walikatwa mishahara, Waislamu wa India na Misri wakachanga, hata ngozi za wanyama waliochinjwa Idi zikauzwa na fedha yake kuingizwa mfukoni mwa mradi. Waliobeba mawe na mataruma wengi wao walikuwa askari wa Sultani.

Na Makka haikufika. Treni iliingia Madina mwaka 1908, kilomita 1,300 hivi kutoka Damascus, ikakomea hapo. Safari ya ngamia ya siku 40 ilikuwa sasa ya siku tatu au nne, jambo jema kwa hujaji, lakini si kwa Mabedui walioishi kwa kukodisha ngamia na kulipwa ili misafara ipite salama. Ndiyo maana stesheni nyingi zina kuta nene zenye matundu ya bunduki. Wengi hudhani matundu hayo ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia; hofu iliyoyatoboa ilikuwa ya zamani zaidi. Mada'in Salih penyewe pana ngome ya karne ya 18 ya kulinda msafara wa Hija, na ndani yake kisima. Reli ilifuata maji yaleyale, maana injini ya mvuke nayo hunywa.

Kuhusu Lawrence, sifa zimezidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapiganaji wa Kiarabu walioasi dhidi ya Waturuki ndio waliobeba mzigo, na maofisa wengine wa Kiingereza na Kifaransa walilipua reli pia. Waturuki nao waliziba na kutengeneza, tena na tena. Kamanda wao Fakhri Pasha aliishikilia Madina hadi Januari 1919, vita vikiwa vimeshakwisha. Kilichoiua sehemu ya kusini ni amani: njia moja ikagawanywa kati ya nchi mpya, na hakuna aliyetaka kulipia mamia ya kilomita za jangwa. Kazi ya kuifufua ilianza miaka ya 1960, ikakatizwa na vita vya 1967 kati ya Israeli na nchi za Kiarabu. Upande wa Jordan, kipande cha njia hiyo kilibeba fosfati kwa miaka mingi.

Uvumi ulioharibu zaidi ni wa dhahabu ya Waturuki. Stesheni kadhaa za jangwani zimefukuliwa sakafu na watafuta hazina, kama wanavyochimba kwetu Tanzania wakitafuta mali za Mjerumani. Mali yenyewe ilikuwa juu ya ardhi, na wenyeji waliiona mapema: reli za chuma zikawa boriti za nyumba. Mada'in Salih imenusurika kuliko nyingine, ikiwa na karakana na injini yake, na siku hizi sehemu ya majengo imegeuzwa hoteli ya kifahari kwa wanaokuja kuangalia makaburi ya Wanabati, watu wa kale wa Uarabuni, yaliyochongwa miambani.