Rangi ya yai si cheti cha uzao wa kuku

Malalamiko yanayofika kwenye meza ya waamuzi baada ya maonyesho hufanana. Huyu kuku wake anataga mayai ya bluu, iweje akataliwe kama Araucana, uzao unaojulikana kwa yai la bluu? Yule Marans wake, uzao wa yai la kahawia iliyokolea, kashinda kwa umbo, mbona mayai yake yamepata alama ndogo? Wanaouliza wana nia njema. Wanachosahau ni kwamba kuku huamuliwa kwa kitabu cha viwango, kinachoeleza umbo na sifa za kila uzao, na sahani ya mayai, yaani mayai yanayoletwa kushindanishwa, huamuliwa peke yake.

Tuanze na bluu. Jeni yake ina nguvu: kifaranga akiirithi kwa mzazi mmoja tu, inatosha. Ndiyo maana chotara aliyekwishapoteza umbo lote la Araucana bado anataga yai la bluu. Kiwango cha Marekani kinataka Araucana asiwe na mkia na awe na vishungi vya manyoya masikioni. Ameraucana, uzao mwingine wa yai la bluu uliokubaliwa huko mwaka 1984, lazima awe na mkia, ndevu na mashavu ya manyoya. Uingereza Araucana ana mkia, na asiye na mkia ana kiwango chake. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, soma tangazo la maonyesho ujue ni kitabu cha nchi gani kitakachotumika. Mwamuzi hafuati kitabu kingine, hata kikiwa ndicho ulichofugia. Marans naye ni hivyo hivyo: wa Kifaransa ana manyoya miguuni, wa Kiingereza hana.

Kuna pia imani kwamba ndewe nyeupe ni yai jeupe na ndewe nyekundu ni yai la kahawia. Tumelieleza hili mara nyingi. Penedesenca, uzao wa Catalonia huko Hispania, ana ndewe nyeupe na hutaga kahawia iliyokolea. Dorking, uzao wa Uingereza, ana ndewe nyekundu na yai lake ni jeupe au linakaribia weupe. Mwamuzi hukagua ndewe kwa sababu kitabu kimetaja rangi yake, basi.

Kahawia hufanya kazi tofauti na bluu. Bluu huingia katika ganda zima, hivyo ukivunja yai utaikuta hata upande wa ndani. Kahawia hupakwa juu katika saa za mwisho kabla ya yai kutagwa, na juu ya ganda la bluu hutoa kijani. Kwa kuwa iko juu, hutoka. Yai jeusijeusi la Marans likisuguliwa likiwa na unyevu huacha rangi kwenye kitambaa na kubaki na mabaka. Usilioshe, ondoa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, na weka matandiko safi kiotani ili usihitaji hata hilo.

Mayai ya Marans hulinganishwa na kipimo cha rangi cha namba 1 hadi 9, na lililo chini ya 4 halihesabiwi kuwa la Marans. Tembe anayeanza kutaga hutoa mayai yaliyokolea kuliko yote. Kadiri anavyoendelea bila kupumzika rangi hupungua, kisha hurudi baada ya kubadilisha manyoya. Basi panga maonyesho kwa kalenda ya kuku. Rangi ikishuka ghafla katika banda zima, hilo si suala la msimu: chunguza mkamba wa kuku (ugonjwa wa njia ya hewa), na uulize kama chakula kina nikabazini, dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo) inayopausha mayai ya kahawia.

Mayai ya sahani yachaguliwe mchana, kivulini, mbali na taa ya manjano. Idadi iwe ile iliyotangazwa, na yote yalingane kwa ukubwa, umbo na ukolezo wa rangi. Yai moja lenye chembechembe au mkunjo hushusha sahani nzima. Hifadhi pahali pa baridi, ncha butu juu, kwani mwamuzi akilivunja ataangalia chumba cha hewa, kiini kilichosimama na ute mzito usiotawanyika.

Sasa adhabu. Kasoro hupunguza alama. Sifa iliyokatazwa humwondoa kuku mashindanoni hata kama mengine yote ni mazuri. Kuku wa uzao wa Wyandotte mwenye upanga (nyama nyekundu ya kichwani) mmoja wima huondolewa, kwani kiwango kinataka upanga bapa wenye vijinundu. Usimtuhumu aliyekuuzia. Jeni ya upanga wima hujificha, na wazazi wawili wenye upanga sahihi wanaweza kuizaa. Tena majogoo wenye nakala mbili za jeni ya upanga bapa huwa na rutuba ndogo, hivyo wafugaji huendelea kutumia wenye nakala moja. Tofauti kabisa ni kung'oa vinyoya vya mguu ambao kiwango kinautaka uwe mtupu, au kupaka rangi manyoya au yai. Huo ni udanganyifu: kuku au sahani huondolewa, na mwenye mali huweza kufikishwa mbele ya chama.

Anayetaka rangi iliyokolea aangalie na jogoo. Hatagi, lakini hurithisha jeni za ganda kwa mabinti zake. Angua mayai yaliyokolea pekee, yatenge kwenye mashine kwa namba ya mama, na vifaranga wavishwe pete siku ile ile wanapotolewa. Wakishachanganyika, hakuna mwamuzi atakayekuambia pora yupi alitoka kwenye yai lipi.