Je, turbo huua injini?

Katika gereji nyingi husemwa kwamba turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini) ni ya mbio fupi tu, na kwamba injini iliyofungwa kifaa hicho haihimili safari ndefu. Dai hilo lilikwisha kukanushwa huko Le Mans, Ufaransa, ambako mbio za magari huchukua saa 24: Porsche 936 yenye turbo ilishinda mwaka 1976, na mwaka 1982 magari ya Porsche 956 yakashika nafasi tatu za kwanza.

Injini ya 956, ya silinda sita na lita 2.65, ilikuwa na turbo mbili. Silinda zenyewe zilipozwa kwa feni, lakini silinda hedi, yaani vifuniko vya juu vya silinda, mahali ambapo valvu za ekzosi huungua kwa saa nyingi mfululizo, zilipozwa kwa maji. Dereva naye alikuwa na kidude cha kuzungusha ili kupunguza shinikizo la hewa ya turbo, na kwa kuwa kanuni ziliwekea mafuta kikomo, alikitumia kubana mafuta.

Turbo nyingi zinazolaumiwa mitaani (tuseme kweli) zimeuawa na oili chafu, au na dereva anayezima injini ingali na moto mkali, oili ikaungulia kwenye beringi za turbo.