Bibi akikulelea mtoto kaunti inaweza kumlipa, ila karatasi kwanza

Kazi yangu ni kuandikisha walezi wa nyumbani hapa jimbo la New York, wale wasio na leseni, yaani bibi, shangazi, jirani wa ghorofa ya chini anayebaki na mtoto mama akienda shifti. Ndio, hao nao wanaruhusiwa kulipwa, sio deikea zenye mabango peke yake. Hela inatoka mfuko wa serikali kuu wa malezi ya watoto unaoitwa CCDF, inapita jimboni, na anayelipa mwishoni ni kaunti.

Watu wetu hapa Buffalo, hasa Wakongo, wanachanganywa zaidi na hili la ofisi mbili, ya kaunti na yetu ya kuandikisha walezi. Kaunti inamwangalia mzazi: anafanya kazi au anasoma, na kipato chake hakizidi asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo (kile ambacho nusu ya familia wanapata zaidi yake na nusu chini yake). Halafu karatasi za uhamiaji zinazoangaliwa ni za mtoto, sio za mzazi, naomba hilo mlishike maana kuna akina mama wanaogopa hata kuulizia. Sisi huku tunamwangalia mlezi. Sasa mzazi akipata barua ya kaunti kwamba amekubaliwa anasema tayari, anampeleka mtoto kwa jirani, mwezi unakatika, hela hakuna, jirani kashanuna. Barua ile ni ya mzazi jamani, mlezi ana fomu yake, mnaijaza wote wawili na mnasaini wote wawili.

Mlezi awe ametimiza miaka 18. Kama ni bibi, shangazi au mjomba wa watoto wote anaowalea mambo yanakuwa mepesi, sheria inaruhusu ndugu wapunguziwe masharti. Lakini undugu hapa ni wa damu, ndoa au amri ya mahakama. Yule mama mliyekaa naye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka yote hiyo, hata kama watoto wanamwita bibi, mwandikeni sio ndugu. Bado anaweza kulipwa, ila njia yake ni ndefu: alama za vidole, kuangaliwa kwenye rejista ya waliowahi kudhuru watoto, mafunzo ya usalama, na mtu wa ofisi kuja kukagua nyumba.

Na sio yeye tu, watu wazima anaokaa nao nyumba moja wanachekiwa pia. Hapo ndipo faili nyingi zinakwama. Unauliza nani anaishi hapa, unajibiwa mimi na mzee basi, kumbe kuna kijana alikuja kutoka Texas analala kwenye kochi tangu baridi ianze, "aa huyo ni mgeni tu". Mgeni wa miezi minne! Mwandikeni mapema, kwa sababu kila jimbo alilokaa mtu ndani ya miaka 5 iliyopita lazima liulizwe, na majibu ya majimbo mengine yanakuja kwa mwendo wao wenyewe.

Ukaguzi wa nyumba watu wanauogopa bure. Hatuangalii makochi. Tunaangalia kengele ya moshi inalia kweli (najua, mmetoa betri kwa sababu inapiga kelele mkikaanga samaki, rudisheni), njia mbili za kutokea moto ukiwaka, dawa na sabuni za kufulia mbali na mikono ya watoto.

Mkishapita, kazi iliyobaki ni karatasi ya mahudhurio. Jazeni kila siku mtoto anapoingia na anapotoka, saa yenyewe halisi. Kuna karatasi ukiiona tu unajua ilijazwa usiku mmoja, saa 2 asubuhi mpaka 11 jioni mwezi mzima, kalamu ileile, mpaka tarehe 25 Desemba mtoto alikuja! Kaunti ikiona hivyo inasimamisha malipo, na ikibaini mlidanganya itadai hela yake irudi.

Kingine, mlezi akija kulea nyumbani kwa mtoto badala ya kwake, mzazi ndiye mwajiri kisheria, na mambo ya kima cha chini cha mshahara na makato ya kodi yanamhusu yeye, ndo maana mimi nikiulizwa nasema mtoto aende kwa mlezi kama inawezekana. Na hela hii ni kipato, bibi anailipia kodi, na kama anapata stampu za chakula (msaada wa serikali wa kununulia chakula) au anakaa nyumba ya serikali aitaje huko pia, asingoje waigundue wenyewe.