Kubomoa ukuta siyo njia ya kupata nafasi

Wenye nyumba za zamani za Mombasa hudhani vyumba vitapanuka wakiangusha ukuta wa kati. Katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta huo mara nyingi ndio uliobeba dari. Boriti za mikoko hazivuki upana mkubwa, kwa kawaida mita 2.5 hadi 3, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Tazama juu: ukuta ambao ncha za boriti zimelala juu yake usiguswe bila mhandisi. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo kibali ni lazima hata kwa fundi mwenye haraka.

Nafasi imejificha kwingine. Mlango wa sentimita 80 ukifunguka hula karibu nusu mita ya mraba ya sakafu. Wa kuteleza hauli kitu. Dari ikizidi mita 3, jenga rafu ya mbao juu ya kimo cha mlango, mita 2.1, upate pa kuweka masanduku na matandiko. Ibebwe na nguzo zinazofika sakafuni, kwani matumbawe hubomoka na skrubu huchomoka. Vidaka vya zamani, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, vilivyozibwa navyo vizibuliwe.

Lipu ya saruji ndiyo inayoharibu kuta hizi zaidi: hufungia unyevu na chumvi ndani, kisha hubanduka. Badala yake tumia chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3, mchanga usiwe wa baharini.