Kudumu katika maombi: dhana potofu na ukweli wake

Kuanzia Igoma hadi Kirumba, mikesha ya maombi hapa Mwanza hujaa watu, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo, wapo wanaorudi nyumbani alfajiri wakiwa wamelemewa kuliko walivyokwenda, kwa kuwa wameambiwa kwamba jibu halijaja kwa sababu hawajaomba vya kutosha.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Mungu hukubali akisumbuliwa sana, na wanaoishikilia hutaja mfano wa mjane na kadhi dhalimu katika Luka 18:1–8. Ukweli ni kwamba Yesu hamfananishi Mungu na yule kadhi, bali anawatofautisha. Kadhi hamchi Mungu wala hajali watu, na anampatia mjane haki yake ili tu aondokane na usumbufu; basi, ikiwa hata mtu wa namna hiyo hutoa haki, si zaidi sana Mungu awapendaye wanaomlilia mchana na usiku? Mjane naye hana mbinu yoyote: anarudi kwa sababu hana pengine pa kwenda. Tena mfano unaishia kwa kuuliza kama Mwana wa Adamu atakapokuja ataiona imani duniani, jambo linaloonyesha kwamba kudumu katika maombi ni kuendelea kumtumaini Mungu wakati jibu halijaonekana.

Kuhusu wingi wa maneno na ukubwa wa sauti, Mathayo 6:7 imekwisha kusema: msipayuke-payuke.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile isemayo kwamba asiyejibiwa hana imani. Mama aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe kumleta mtoto Hospitali ya Bugando, ambaye amelala sakafuni juu ya kanga huku akilinda chupa ya uji, huambiwa na wageni waliokuja kumtia moyo kwamba angeamini kweli, mtoto angekwisha kupona. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya upole. Paulo alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, naye akajibiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9), mwiba ukabaki. Katika Gethsemane Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, akarudia maneno yaleyale, kisha akakinywa. Na sisi wa mwambao huu, tuliozika mamia ya ndugu baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, nani kati yetu atathubutu kuwaambia waliofiwa kwamba walipungukiwa imani? Baba wa kijana mwenye pepo alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na mwanawe aliponywa bila baba huyo kukemewa kwa shaka yake.

Wengine huamini kwamba anayeomba kwa imani hana haja ya dawa, na wapo wanaoacha vidonge vya sukari au vya shinikizo la damu mara tu baada ya kuombewa. Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, aliomba kwa machozi, naye Mungu akamwongezea miaka 15. Katika habari hiyohiyo (2 Wafalme 20:1–7), nabii Isaya, aliyeleta ahadi hiyo, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake, ukawekwa, akapona.