Nani ametia jeusi humu?

Nikienda Masese, kando ya Ziwa Victoria pale Jinja, Uganda, hubeba mfuko wa maharagwe 20: mekundu 19, jeusi moja. Idadi simwambii mtu. Anatia mkono, anatoa moja, analitazama, analirudisha. Mara 10. Jeusi ni hasara. Kisha namwuliza: hapa ungeweka mtaji wako?

Wengi hukubali, na si ujinga. Ukichota hivyo mara 10, uwezekano wa kutoliona jeusi kabisa ni karibu asilimia 60. Lakini nikimwambia mtu kwa mdomo tu kwamba limo moja jeusi, anasita. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi tunavyolikuza jambo adimu tukiambiwa uwezekano wake. Mwaka 2004 mtafiti Ralph Hertwig na wenzake wakaonyesha upande wa pili: tukijifunza kwa kuonja wenyewe, tunalipuuza.

"Mwalimu, nauza mukene, hawa dagaa, hapa tangu usichana wangu. Ziwa nalijua," mama mmoja aliniambia. Na kweli analijua, kuliko mimi mwenye chati. Ila kipimo cha maji ya ziwa pale Jinja kilisoma mita 13.41 mwaka 1964, na kwa miaka 56 maji hayakufika tena hapo. Vibanda vikasogea, vikasogea, hadi mchangani. Kila mwaka uliopita salama ulikuwa haragwe jekundu. Mei 2020 maji yakafika 13.42, kibanda chake kikawa cha samaki wazima.

Kosa la kinyume lipo pia, nami naona ndilo gumu zaidi kutibu. Mkulima anajaribu mbegu mpya, msimu huohuo mvua inakatika, basi haigusi tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwenye bahati ya mwanzo anaendelea kuchota, iko siku atasahihishwa. Mkulima huyu ameuacha mfuko, nani amsahihishe?

Siku hizi nawakalisha wanane kwenye mkeka mmoja, kila mtu achote mara zake 10, tuandike zote kwenye kipande cha boksi. Kwa michoto 80, uwezekano wa jeusi kujificha haufiki asilimia 2.

Mara ya mwisho lilitoka mara tano. Yule mama wa mukene alipata mekundu matupu. Akaangalia boksi, akaangalia mfuko, akanigeukia: "Mwalimu, nani ametia jeusi humu?"